Subira ni ya Nani?

Nilipokuwa nafundisha, nilikuwa na mtindo wa kuandika methali mbili ubaoni na kuwataka wanafunzi wachague moja waitetee kwa insha. Ya kwanza ilikuwa "Subira yavuta heri", na ya pili "Ngoja ngoja yaumiza matumbo". Karibu darasa zima lilichagua ya kwanza. Watoto walijua mwalimu wao anapenda nini, na walijua pia kwamba anayeisifu subira hapunguziwi maksi. Mara mojamoja alitokea mmoja akaitetea ya pili. Huyo nilimpa maksi za kupita tu, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: "Fikiri tena." Leo nimevuka miaka 70, nimestaafu ualimu mkuu, nimerudi kwetu Uroa kukaa karibu na pwani niliyozaliwa, na imekuwa zamu yangu kufikiri tena. Kilichonilazimisha ni kiduara kidogo kinachozunguka kwenye kioo cha kompyuta.

Nieleze kwanza kilichonikalisha mbele ya kompyuta katika umri huu. Niliona wazee wa kijiji wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka anaondoka na elimu yake ya pwani. Nikaazimia kuzikusanya sauti zao: wanaume wa madema na ngalawa, wanawake wa makumbi na kamba, na wale walioshika kilimo cha mwani kilipoingia pwani hii ya mashariki mwaka 1989. Nilitaka kitabu chenye maneno yao, na pamoja nacho sauti zenyewe, zimesafishwa na kupangwa, ili mtoto wa skuli amsikie bibi yake wa tatu akieleza jambo kwa kinywa chake mwenyewe. Mimi nilijifunza ualimu, sikujifunza ufundi wa sauti. Fundi ni mjukuu wangu, anayefanya kazi Maskati. Mimi narekodi hapa kwa simu, yeye anakata na kupanga kule. Baina yetu tuna jalada moja ambalo, kwa maneno yake, "liko winguni". Nikiweka kitu ndani yake Uroa, anakiona Maskati. Akibadilisha yeye, badiliko linanifikia mimi. Kazi hiyo ya kuhakikisha kwamba vilivyopo huku na vilivyopo kule ni sawasawa huitwa kusawazisha.

Mjukuu aliponieleza mara ya kwanza, nilistaajabu na kufurahi kama mtoto. Baada ya wiki mbili furaha ilikwisha. Nilikuwa naweka sauti ya mzee mmoja baada ya sala ya alasiri, na baada ya isha kiduara bado kinazunguka. Nalala, naamka, kinazunguka. Mara kinaandika kwamba zimebaki dakika 3, mara saa 2, mara hakiandiki kitu. Mjukuu anapiga simu: "Babu, sijaona kitu." Nami namjibu kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyeishika sauti ya watu mkononi na kukataa kuiachia.

Kwa kuwa nilifundisha hesabu pia, nilitaka kujua kosa liko wapi. Wingu hili, msomaji, halipo juu. Ni ghala za kompyuta zilizojengwa ardhini katika nchi za mbali, nazo zinafikiwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Basi nikadhani umbali ndio unaochelewesha. La. Mwanga ndani ya nyaya hizo hukimbia kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Unguja hadi Maskati ni karibu kilomita 4,000, na hata njia ikipinda mara tatu kwanza, ni sehemu ndogo ya sekunde. Kinachochelewesha ni wembamba wa njia mwanzoni, kutoka simu yangu hadi mnara, na kutoka mnara kwenda mbele. Tena njia ya kupeleka mara nyingi imefanywa nyembamba kuliko ya kuleta, kwa sababu waliopanga mambo haya walijua kwamba watu wengi wanapokea zaidi kuliko wanavyotoa.

Sasa tazama hesabu. Mjukuu alinitaka nirekodi sauti isiyobanwa, ili apate kuisafisha vizuri. Sauti ya namna hiyo hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kina biti 16, na kuna njia mbili, ya sikio la kulia na la kushoto. Zidisha: biti 1,411,200 kwa kila sekunde ya mazungumzo. Siku tulipopima njia yangu ya kupeleka, tulipata megabiti 1 kwa sekunde, yaani biti 1,000,000. Kwa hiyo mzee akizungumza saa 1, sauti yake inahitaji saa 1 na dakika 25 kuondoka Uroa, na hapo mtandao usikatike hata kidogo, umeme uwepo, na bando lisiishe. Nilipoiona hesabu hiyo kwenye daftari nilicheka peke yangu. Mzee wa miaka 80, anayezungumza polepole na kupumzika kunywa maji, alikuwa mwepesi kuliko chombo kilichomchukua.

Hesabu ilinituliza kidogo, maana mtu akijua sababu hasira hupungua. Lakini ilizaa swali jingine. Babu zetu walingoja mambo marefu zaidi ya haya. Mbona wao hawakuonekana kusumbuka kama mimi?

Barua ya kwenda Arabuni ilipanda jahazi na upepo wa kusi, na jibu lake likarudi na kaskazi. Aliyeuliza khabari za ndugu yake mwezi wa Juni alitarajia kujibiwa baada ya mwaka mpya. Waya wa simu ya maandishi ulipofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, khabari zilianza kufika London siku ile ile, lakini ulikuwa waya wa makonseli na wafanyabiashara wakubwa. Mvuvi wa Uroa aliendelea kungoja upepo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli wakaenda Bombay kuimba ili sauti zao zitiwe katika sahani za santuri. Waliimba kule, wakarudi, na watu wa Unguja wakangoja sahani zije kwa meli. Fikiri, ndugu msomaji: mwimbaji yuko Mjini, unaweza kumwona barazani, na sauti yake bado iko ng'ambo inakuja. Hata hivyo sahani zilipofika zilipokewa kwa shangwe, na sijasikia kwamba kuna mtu aliyelaumu kuchelewa kwake.

Jibu la swali langu nililipata pwani, katika mambo niliyoyaona tangu utoto bila ya kuyatazama. Shangazi yangu alikuwa mwanamke wa makumbi. Kazi hiyo wengi wanaijua kwa harufu yake, maana makumbi yakifukuliwa hunuka upepo mzima. Maganda ya nazi huzikwa katika mchanga na tope la pwani, pale maji yanapojaa na kupwa, yakafunikwa, na juu yake yakawekwa mawe. Hukaa humo miezi kadhaa, kwa wengine nusu mwaka na zaidi, mpaka nyama ya ganda ioze na kubaki usumba. Hapo hufukuliwa, hupigwa kwa magongo, huoshwa, hukaushwa, husokotwa kamba. Mwanamke aliyezika makumbi alikuwa ameikabidhi bahari mali yake, na bahari haina haraka.

Lakini kungoja kule kulikuwa na mambo mawili ambayo kungoja kwangu hakukuwa nayo. La kwanza ni kipimo. Maji ya bahari hayajui ahadi za uongo. Yanachelewa kila siku kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana, na kila wiki mbili yanakuja maji ya bamvua. Mtoto wa Uroa anayajua haya kabla ya kujua kusoma. Mwenye kungoja jahazi naye alijua msimu. Muda ulikuwa mrefu, lakini ulikuwa na mwanzo na mwisho, na mtu aliweza kuupangia maisha yake. Kiduara changu hakina msimu. Kinaniambia dakika 3 kisha saa 2, kwa hiyo siwezi kuondoka wala siwezi kukaa. Nikatambua kwamba kinachomla mtu si urefu wa kungoja. Ni kutojua kama anangoja au ameshasahauliwa. Mgonjwa anayeambiwa "njoo Jumatatu" hulala usingizi. Anayeambiwa "subiri hapo" na daktari asionekane, huyo ndiye anayeumwa matumbo ya methali ya pili.

La pili nitalieleza kwa kisa, nacho ni kisa cha kosa langu mwenyewe.

Shangazi alikuwa amepita miaka 90 nilipomrekodi. Nilikwenda kwake asubuhi tatu mfululizo. Nyumba yake ilikuwa hatua kama 300 kutoka kwangu, nyuma ya minazi. Siku ya kwanza alieleza utoto wake. Siku ya pili alieleza namna ya kuzika makumbi na namna ya kuyajua yaliyoiva kwa kuyabonyeza kwa kidole. Siku ya tatu alinipa jambo ambalo sikulijua kabisa. Alitaja, mmoja baada ya mmoja, wanawake waliokuwa na mashimo yao katika pwani ile alipokuwa mwari, shimo la nani lilipakana na la nani, kila mmoja aliweka alama gani juu ya mawe yake, na nani aligombana na nani na nani akawapatanisha. Ilikuwa ramani nzima ya pwani kabla ya hoteli na kabla ya mwani, naye aliichora kwa mdomo, macho ameyafumba. Aliponyamaza nilikuwa na sauti ya dakika 40 na zaidi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikaiweka katika jalada letu, kiduara kikaanza. Usiku ule mtandao ulikuwa mbovu. Asubuhi simu ikaniambia imejaa, haina nafasi tena, nami nilikuwa na miadi na mvuvi mmoja kabla maji hayajajaa. Nikafungua kompyuta, nikaona majina ya sauti zote tatu yameorodheshwa: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, zimefika. Nikazifuta katika simu, nikaenda pwani.

Kumbe programu ile hutanguliza jina, na chenye jina kikafuata baadaye. Sauti mbili za mwanzo zilikuwa zimefika kamili. Ya tatu lilifika jina tu. Nilipobonyeza nisikilize, kiduara kikazunguka, kwa kuwa kompyuta ilikuwa inangoja wingu, na wingu linangoja simu, na simu nilishaifuta mwenyewe.

Msomaji atasema: basi, ungerudi kwa shangazi. Ndiyo, hapo ndipo penye kosa langu, nalo si lile la kufuta. Kufuta ni ujinga, na mwalimu hana haki ya kuukasirikia ujinga sana, hata ukiwa wake. Kosa ni nililofanya baadaye. Kwa muda wa siku 18 nilikaa nikipigana na mashine. Niliizima na kuiwasha. Nilinunua bando juu ya bando. Nilimpigia mjukuu usiku, nikamfanya atafute hata kwenye pipa la vilivyofutwa. Nilipanda gari ya shamba mara mbili kwenda Mjini, kwa kijana anayetengeneza simu karibu na Darajani, nikangoja kwenye benchi lake tangu asubuhi hadi adhuhuri, akaniambia huenda, akaniambia njoo kesho, mwisho akaniambia haiwezekani. Siku zote hizo nilikuwa na hasira, na hasira hiyo niliiona kama bidii. Nilikuwa napita mbele ya nyumba ya shangazi nikienda kupanda gari. Namwamkia "Shikamoo" kutoka barabarani, anaitikia "Marahaba, mwanangu," nami nakwenda zangu kutafuta sauti yake.

Siku ya 19 alishikwa na homa. Baada ya siku nne tulimzika.

Sisemi kwamba kama ningerudi angeyasema yale yale. Hakuna mtu anayesimulia jambo mara mbili kwa namna moja. Ninachosema ni kwamba chanzo kilikuwa hai, hatua 300 kutoka kwangu, nami nilikuwa nangoja nakala. Katika elimu yangu yote ya subira na haraka sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kungoja kwa bidii mahali pasipokuwa pake.

Na hilo ndilo jambo la pili ambalo wanawake wa makumbi walikuwa nalo. Hawakukaa ukingoni mwa shimo. Walizika, wakaweka mawe, wakaweka alama, kisha wakaenda kuchota maji, kulima, kulea, kuhudhuria arusi na misiba. Mawe yalikuwa sehemu yao ya kazi. Asiyeweka mawe, makumbi yake yalichukuliwa na maji, na hakuna aliyemhurumia kwa kusema kwamba alimtegemea Mungu. Sisi Waislamu tunakijua sote kile kisa cha mtu na ngamia wake na kamba aliyotakiwa aifunge kwanza. Mimi nilifanya kinyume katika pande zote mbili: sikuweka jiwe hata moja, maana nakala yangu ya pekee niliifuta kwa kuamini jina, halafu nikakaa ukingoni mwa shimo siku 18.

Nilipofikia hapo nilidhani nimemaliza insha hii. Nilimsomea mjukuu kwa simu, akanyamaza kidogo kwa heshima, kisha akasema: "Babu, umeandika vizuri, lakini umewaachia wengine wote. Hapa nilipo sauti kama ile inaondoka kwa dakika moja. Kwa nini wewe uchukue usiku kucha, kisha ujilaumu peke yako? Na hao waliotengeneza programu inayoonyesha jina la kitu kisichokuwepo, wao hawana mawe ya kuweka?"

Nilitaka kumjibu kwa wino mwekundu. Kisha nikakumbuka wale watoto wachache walioitetea methali ya pili.

Ana haki. Tuna tabia, sisi wa visiwani, ya kuigeuza shida kuwa sifa. Kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa kwa takriban miezi 3 bila ya umeme, baada ya njia ya umeme unaotoka bara kuharibika, na miaka miwili nyuma yake, mwaka 2008, tulikuwa tumekaa gizani karibu mwezi mmoja. Watu walivumilia, na wakasifiwa kwa uvumilivu wao. Lakini mwenye friji ya samaki hakupata kitu kwa sifa ile. Nyaya kubwa za mawasiliano za chini ya bahari zilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, tukaambiwa kwamba kungoja kumekwisha. Na kweli mambo yamekuwa bora sana kuliko zamani. Hata hivyo tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, zikakaa na mtandao wa kusuasua. Tukaambiwa tena tuwe na subira. Kila mara nimegundua kwamba anayehubiri subira hupenda kukaa mwanzo wa waya, na anayehubiriwa yuko mwisho wake.

Hapa nadhani nimepata jibu la kile nilichokuwa nakitafuta. Subira ni wema wa yule anayengoja. Ni mali yake, anaitoa mwenyewe kwa hiari yake, na hakuna anayeweza kuidai kwake. Anayemngojesha mwenzake ana wajibu wa namna nyingine kabisa: aseme ukweli. Aseme itachukua muda gani, aseme imefika au haijafika, na kama hajui aseme hajui. Bahari, pamoja na ukali wake, inatimiza wajibu huo kila siku. Nahodha wa jahazi aliutimiza alipokwambia barua itajibiwa na kaskazi. Mwenye kuchelewesha akisema kweli, namsubiria. Akinionyesha jina na kuficha kwamba chenye jina hakimo, hapo hanidai subira, ananidai ushahidi wa uongo dhidi yangu mwenyewe.

Lakini simwachii mjukuu wangu ushindi wote, na yeye anajua. Haki niliyonyimwa na mtandao haikunifutia wajibu niliokuwa nao kwa shangazi. Tabia ya kuona kosa moja likafuta jingine niliikemea kwa wanafunzi miaka mingi: huyu hakufanya kazi kwa sababu yule alimwibia kalamu. Kalamu imeibiwa kweli, na kazi haikufanywa kweli. Mtu mzima lazima aweze kubeba yote mawili, lawama anayoidai na lawama anayodaiwa, bila ya kuitumia moja kulipia nyingine. Mimi naidai njia pana na programu yenye kusema kweli. Na mimi nadaiwa asubuhi 18.

Nieleze tunavyofanya sasa, maana insha ya maadili isiyobadilisha jambo lolote la nyumbani ni mapambo. Kwanza, sifuti sauti ya asili mpaka mjukuu aisikilize kule mwanzo hadi mwisho na kuniambia kwa mdomo wake maneno ya mwisho yaliyosemwa. Jina halitoshi, alama ya vyema haitoshi. Pili, kila sauti naitia katika flashi mbili. Moja inakaa kabatini, na nyingine, akipatikana msafiri wa kuaminika, inapanda ndege kwenda Maskati mfukoni mwake. Mara nyingine inafika kabla ya wingu, nami nacheka, maana tumerudi kwenye barua ya mkononi na msimu wa jahazi. Tatu, kiduara kikianza kuzunguka nafunga kompyuta na kutoka nje.

Sauti ya tatu ya shangazi haikupatikana. Niliandika niliyoyakumbuka, nayo yalijaa ukurasa mmoja na nusu tu. Nikaenda kwa wanawake watatu waliokuwa wadogo zake katika kazi ile. Walikaa ukumbini kwa mmoja wao wakaanza kupanga mashimo. Wakabishana sana. Mmoja alisema shimo la mama yake lilikuwa kaskazini ya jiwe kubwa, mwingine akaapa lilikuwa kusini, wa tatu akasema jiwe lenyewe lilihamishwa. Majina yaliyopatikana ni machache kuliko aliyoyataja shangazi. Hilo nina hakika nalo, maana nakumbuka vidole vyangu vilivyokuwa vikihesabu. Yatachapishwa hivyo yalivyo, pamoja na ubishi wao, na pale penye pengo nitaandika kwamba pana pengo, na kwamba pengo hilo ni la mwandishi.

Jana mjukuu alinipigia simu kusema sauti ya wanawake wale imefika salama, na akanitajia maneno ya mwisho, kama tulivyoagana. Kisha akaniuliza nani mwingine amebaki. Nikamtajia bibi mmoja wa upande wa Pongwe, ambaye watu wanasema anazijua alama za mawe. Akasema, "Basi, Babu, ungoje nini?"

Leo maji yanakupwa mapema, na wazee huwa nyumbani asubuhi. Naiacha insha hii hapa, niwahi gari.